Upole wa Mkristo na Unyonge wa Mpakani

Katika matumizi ya kila siku nchini Kenya, neno upole limefinywa mno. Mchuuzi anayevuka mpaka wa Busia au Malaba akiulizia haki yake huambiwa awe mpole, yaani anyamaze, atoe anachoombwa, aende zake. Jumapili mchuuzi huyo huyo husikia kanisani kwamba wapole wamebarikiwa. Si ajabu, basi, kwamba waumini wengi huuchukua unyonge kuwa ndio upole, na wanaonufaika na kosa hilo hawana haja ya kuwasahihisha.

Biblia yenyewe haiafiki maana hiyo. Kitabu cha Hesabu (12:3) kinamtaja Musa kuwa mpole kuwashinda watu wote, naye ndiye aliyesimama mbele ya Farao kudai watu wake waachiliwe. Yesu, aliyejitambulisha kuwa mpole, alizipindua meza za wabadili fedha hekaluni. (Wabadili fedha wa Malaba wasihofu, wao wana makala yao siku nyingine.)

Busia nayo ina ushahidi wake. Mnamo Agosti 1990, Peter Okondo, aliyekuwa Waziri wa Leba na mbunge wa Bunyala, aliwaonya hadharani maaskofu wa Kianglikana Alexander Muge wa Eldoret na Henry Okullu wa Maseno Kusini wasikanyage Busia, kwani huenda wasitoke huko wakiwa hai. Muge angeweza kubaki Eldoret, na hakuna ambaye angemlaumu. Angeweza pia kujibu kitisho kwa kitisho; kabla ya kuwa kasisi alihudumu katika kikosi cha GSU, na mabavu hayakuwa mageni kwake. Tarehe 14 Agosti alikwenda Busia, akakutana na waumini, akaanza safari ya kurudi. Karibu na Kipkaren gari lake liligongana na lori, akafa papo hapo. Maswali kuhusu ajali hiyo hayajaisha hadi leo. Okondo alijiuzulu siku chache baadaye.

Yamkini wapo watakaosema kwamba Muge hakuwa mpole hata kidogo: alikemea unyakuzi wa ardhi na upigaji kura wa mlolongo kwa maneno makali, tena mimbarani. Hoja hiyo ina uzito. Hata hivyo, inapima upole kwa kiwango cha sauti, ilhali Musa naye alikasirika hadi akazivunja mbao za mawe. Linalostahili kupimwa ni jibu la mtu anapotishiwa. Muge alitishiwa kifo, akajibu kwa kwenda kuhubiri.

Mchuuzi wa Malaba hatakiwi kufika huko. Anachohitaji ni kuomba stakabadhi ya kila shilingi anayotozwa, kwa sauti yake ya kawaida, na akinyimwa aombe tena bila matusi. Kasisi anayemhubiria upole amweleze hivyo waziwazi siku ya Jumapili, kabla mchuuzi hajajipanga kwenye foleni Jumatatu asubuhi.