Nyumba Kongwe za Mikindani na Kalenda ya Korosho

Ukuta wa mawe ulioachwa bila kuguswa na ukuta ulioanza kukarabatiwa ukaachwa njiani huharibika kwa kasi tofauti, na mara nyingi huo wa pili ndio unaotangulia kuanguka. Wa kwanza bado una ngozi yake ya chokaa na kipande cha paa. Wa pili umebanduliwa lipu, boriti zake zimefunuliwa, mabati ya zamani yameshushwa yapishe mapya ambayo hayajaja, kisha mwenye nyumba amekata tamaa na mvua imeingia. Uchovu wa mwenye nyumba, basi, ni hatari kwa jengo lenyewe kama zilivyo hatari mchwa na chumvi. Ajabu ni kwamba tunapozungumzia kuhifadhi mji mkongwe kama Mikindani tunataja fedha, sheria na watalii, lakini uchovu hatuutaji. Tukiutaja, tunaufunika kwa neno moja: subira. Hoja yangu ni kwamba subira peke yake haitoshi, na pengine ndiyo inayowamaliza watu nguvu, kwa sababu inamtaka mtu auvumilie mpango mbovu badala ya kuubadilisha.

Mikindani iko kilomita kumi hivi kutoka Mtwara mjini, kwenye barabara ya kwenda Lindi. David Livingstone alianzia hapo safari yake ya mwisho ya bara mwaka 1866, Wajerumani wakajenga boma lao mwaka 1895, na kwa miaka mingi huo ndio uliokuwa mji wa maana katika pwani hii ya kusini. Waingereza walipoanzisha mradi wa karanga baada ya Vita Kuu ya Pili, bandari yenye kina ya Mtwara ndiyo iliyopata gati, na utawala ukahamia huko. Mradi wa karanga ulikufa mwaka 1951, lakini Mikindani haikurudishiwa nafasi yake. Zikabaki nyumba: kuta nene za mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa chokaa na udongo, boriti za mikoko, milango ya nakshi, roshani za mbao juu ya mtaa. Nyingine zinakaliwa, nyingine zimebaki nusu.

Ukitaka kuuona uchovu kwa macho, tazama viraka vya saruji kwenye kuta hizo. Saruji inashika usiku mmoja, inauzwa katika kila duka la vifaa vya ujenzi, na kila fundi kijana anaijua. Chokaa inataka kuwekwa tabaka moja, isubiriwe, imwagiwe maji isipasuke, ndipo tabaka la pili lifuate, maana inakauka kwa kuvuta hewa taratibu. Kwa mtu aliyechoka, mfuko wa saruji ni nafuu ya moyo. Tatizo ni kwamba ukuta wa matumbawe hunyonya unyevu kutoka ardhini na kuutoa nje kupitia chokaa. Ukizibwa kwa saruji, unyevu unapanda hadi juu ya kiraka na kuchora mstari wa ukungu. Chumvi inaganda nyuma ya lipu kama unga mweupe. Ukigonga kwa kifundo cha kidole unasikia uwazi ndani. Baada ya muda kiraka kinabanduka kipande kizima, kikiwa kimeng'ang'ania chokaa ya zamani na vijiwe vya ukuta, na kazi inayobaki ni kubwa kuliko ile iliyokuwa ikikwepwa. Mwenye nyumba anarudi pale pale, ila sasa ana fedha pungufu na hamu pungufu.

Kwa nini watu huchoka kiasi hicho? Sababu moja haina kwao. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 1994, Roger Buehler na wenzake nchini Canada waliwauliza wanafunzi wa chuo kikuu watakamilisha lini tasnifu zao. Kwa wastani walikisia siku 34, ikawachukua 55. Na hao walikuwa wakiandika karatasi, kitu ambacho hakina mchwa ndani. Nyumba kongwe haioneshi ugonjwa wake mpaka uifungue: boriti iliyoonekana nzima ikichokolewa kwa ncha ya patasi inageuka unga, ili kuitoa lazima uegemeze sakafu ya juu, ukiiegemeza sakafu unagundua ufa kwenye kona. Anayepanga miezi sita kwa nyumba ya namna hii amejitengenezea fadhaa tangu siku ya kwanza, kwa kuwa kila wiki itakayopita itamwambia kwamba ameshindwa, hata kama kazi inakwenda kama inavyopaswa kwenda.

Sababu ya pili ni ya hapa kwetu, na sijaona ikizungumzwa vya kutosha. Mtwara ina msimu mmoja wa mvua, takriban kuanzia Desemba hadi Aprili. Kazi ya kuta na lipu ya chokaa inataka miezi mikavu, wakati wa kusi. Lakini fedha za familia nyingi za mkoa huu zinatoka kwenye korosho, na korosho huvunwa na kwenda mnadani kuanzia Oktoba, katika utaratibu wa stakabadhi ghalani uliopo tangu mwaka 2007. Yaani hela inaingia mawingu yakikusanyika. Januari zinakuja ada na sare za shule. Kuanzia Mei, jua linapowaka na chokaa ingeshika vizuri, shamba linadai palizi, kisha salfa ya kupulizia mikorosho. Ukuta unataka fundi wakati mfuko hauna kitu, na mfuko unajaa wakati ukuta hautaki fundi. Ongeza mshtuko kama wa msimu wa 2018, serikali ilipoamua kununua korosho yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo, jeshi likazisomba, na malipo ya wakulima wengi yakachelewa. Mtu aliyeezua paa kwa matumaini ya msimu ule hakukosa subira. Alikosa njia ya kusimamisha kazi bila kuiharibu.

Hapo ndipo penye dawa, na kwa bahati nzuri chokaa yenyewe inaiunga mkono. Chokaa iliyozimwa kwa maji na kufunikwa shimoni ikiwa bado na maji juu yake haiharibiki. Inakuwa laini na bora kadiri inavyokaa. Pliny, mwandishi wa Roma ya kale, alitaja sheria za zamani zilizowakataza wajenzi kutumia chokaa iliyokaa chini ya miaka mitatu. Hatuhitaji kufika huko. Inatosha familia inunue chokaa, mbao na misumari fedha za mnada zinapoingia, ichimbe shimo, ilizungushie uzio imara kwa ajili ya watoto, maana chokaa mbichi inaunguza macho na ngozi, na iache miezi ya mvua ifanye kazi yake. Seremala anaweza kutengeneza madirisha barazani mvua ikinyesha. Kusi ikianza, kinachodaiwa ni ujira wa fundi peke yake, mzigo ambao mfuko mwembamba wa Juni unaweza kuubeba kwa awamu. Kupumzika kunakuwa sehemu ya kazi, kumeandikwa kwenye kalenda, na mtu aliyepumzika kwa mpango hana sababu ya kuona haya jirani akimuuliza mbona fundi haonekani.

Utaratibu wa hatua nao una uzito. Paa na mifereji kwanza, kwa sababu nyumba isiyovuja inaweza kumsubiri mtu miaka. Kisha chumba kimoja, kimoja tu, kimalizwe kabisa: sakafu, lipu, mlango unaofunga, taa. Wapo wanaoona huu ni upotevu, kwamba ni nafuu fundi apige lipu vyumba vyote kwa mkupuo. Kwa hesabu ya fundi ni kweli. Lakini Teresa Amabile wa Chuo Kikuu cha Harvard na wenzake walipochambua kumbukumbu za kila siku za wafanyakazi 238, karibu maandiko 12,000, waliona kwamba kilichowapa watu ari kuliko vyote ni kuona kazi yenye maana imesogea, hata kidogo. Nyumba yenye vyumba vitano vilivyofika nusu haimwoneshi mtu chochote kilichosogea. Chumba kimoja cha kulala ambamo vumbi haliingii kinaonekana kila asubuhi.

Na wala hili si geni pwani hii. Kuelekea Msimbati na mdomo wa Ruvuma, nyumba za fito na udongo hukandikwa upya baada ya mvua, na makuti hubadilishwa kila baada ya miaka michache. Anayekandika ukuta wake hasemi yuko kwenye mradi, wala haoni kwamba ameshindwa kwa sababu mwakani atakandika tena. Kule Djenné, Mali, msikiti mkubwa wa udongo hupakwa upya kila mwaka na mji mzima, na siku hiyo ni sherehe. Wenye nyumba za mawe ndio waliozoea kudhani kwamba jengo likitengenezwa mara moja limetengenezwa. Kwa kweli hata wajukuu wa waliozijenga walikuwa wakizipaka chokaa mara kwa mara. Tulipoacha desturi hiyo, kazi ndogo za kila mwaka zilijikusanya zikawa kazi moja kubwa inayotisha.

Kuna watakaosema tatizo ni umaskini, na mazungumzo ya uchovu ni anasa. Watatoa mfano wa boma la Mikindani lenyewe: lilikuwa gofu, shirika la hisani la Uingereza liitwalo Trade Aid likaja na fedha, likaligeuza hoteli. Nakubali fedha zilihusika. Lakini tutazame ni kazi ya namna gani. Lilikuwa jengo moja la serikali, lenye msimamizi anayelipwa, na fundi aliyelala nyumbani kwake, si chini ya dari linalokarabatiwa. Familia inaishi ndani ya vumbi lake. Isitoshe, fedha zisizo na kalenda ndizo zinazonunua saruji: mtu akipata mkupuo mmoja mnono mwezi wa Novemba, bila shimo la chokaa wala mpango wa kungoja, atamaliza kwa njia ya haraka anayoijua. Ningesema umaskini unafanya mpango wa kupumzika uwe wa lazima zaidi, kwa kuwa tajiri anaweza kulipia makosa yake mara mbili.

Pingamizi zito kuliko hilo ni kwamba kusimama kunaua. Beit al-Ajaib ya Zanzibar, iliyojengwa mwaka 1883 enzi za Sultan Barghash, ilikaa miaka ikidhoofika huku sehemu zake zikidondoka, na sehemu yake kubwa ikaporomoka tarehe 25 Desemba 2020 wakati ukarabati ukiendelea, watu wawili wakapoteza maisha. Hakuna anayeweza kusoma hilo kisha akahubiri mapumziko kwa moyo mwepesi. Jengo lile lilikuwa likimong'onyoka, na jengo la namna hiyo halina haki ya kungoja: kwanza liegemezwe, watu watolewe, ndipo mengine yafuate. Mapumziko ninayoyatetea ni ya nyumba ambayo maji hayaingii na kuta zake zimeegemezwa. Kwa upande mwingine, Kilwa Kisiwani na Songo Mnara ziliwekwa kwenye orodha ya urithi wa dunia ulio hatarini mwaka 2004 zikaondolewa mwaka 2014. Miaka 10 kamili, kwa magofu yenye wataalamu na wafadhili. Mwenye nyumba ya Mikindani anayejiona mvivu kwa sababu yuko mwaka wa nne anajidhulumu.

Wengine watauliza: kwa nini tusibomoe tu, tujenge kwa tofali? Kwa baadhi ya nyumba jibu ni ndiyo, na tusiwadanganye watu. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inayalinda moja kwa moja majengo ya kabla ya 1863. Ya baadaye yanahitaji kutangazwa rasmi, hivyo hatima ya nyumba nyingi iko mikononi mwa wenyewe. Vifaa navyo havipatikani kama zamani: kuchoma matumbawe ya ghubani kunaua miamba ambako samaki huzaliana, na mikoko haikatwi bila kibali. Mawe ya chokaa ya nchi kavu na mbao ngumu za msituni zinaweza kushika nafasi, lakini kila badiliko linaleta safari ya ofisini. Uamuzi wa kubomoa unaweza kuwa wa busara. Ila uamuzi huo ufanywe na mtu aliyepumzika, aliyekaa na fundi na kupiga hesabu. Usifanywe katikati ya masika na mtu ambaye dari limemwagikia kitandani.

Kuna jambo moja la mwisho ambalo mafundi hawawezi kulitatua. Nyumba hizi aghalabu ni za warithi wengi. Mmoja anabaki Mikindani, wengine wako Dar es Salaam au Muscat, wanatuma kidogo na kuuliza mmefikia wapi. Anayebaki ndiye anayebeba vumbi, lawama na usiku wa mvua. Manispaa ya Mtwara-Mikindani ingeweza kupunguza mzigo huo kwa vitu vidogo: kibali cha ukarabati cha miaka kadhaa badala ya kuomba upya kila mara, maturubai na majukwaa ya kuazimwa, shimo moja la chokaa la mtaa. Lakini kikao cha familia hakiwezi kuitishwa na manispaa. Kikao hicho kiamue nani atoe nini, chumba kipi kitangulie, na lini anayebaki atapokewa zamu hata kwa mwezi mmoja. Kifanyike Septemba, kabla mnada wa kwanza haujatangazwa. Kikifanyika Januari, ada za shule zitakuwa zimekwisha kuamua.