MWALIMU MNASIHI ASISHIKE KIBOKO

Bwana Mtengenezaji,

Nakuomba nafasi katika karatasi yetu niseme neno juu ya walimu wanasihi. Wanachama wengi tunao watoto katika shule za sekondari, na tukiulizwa kazi ya mnasihi ni nini, twajibu upesi kwamba ni mwalimu wa kuwaonya watoto watundu. Sivyo. Kuonya ni kazi ya kila mwalimu. Kunasihi ni kazi nyingine kabisa.

Mnasihi huwekwa shuleni ili asikilize kwanza, kisha amsaidie mwanafunzi kuziona njia zilizo mbele yake, na uchaguzi uwe wa mwanafunzi mwenyewe. Huletewa mambo ya masomo, ya kazi za baadaye, ya nyumbani na ya moyoni. La masomo hudhaniwa kuwa jepesi, kumbe si jepesi. Mwaka 2024 Serikali iliongeza tahasusi za kidato cha tano hata zikafikia 65. Mtoto wa hapa Bombo, ambaye kazi azionazo kila siku ni za mwalimu, muuguzi, mwenye duka, dereva wa bodaboda na mkulima wa tangawizi, atachaguaje katika hizo 65 pasipo mtu wa kumweleza kila moja huishia wapi? Hujaza ile aliyojaza rafiki yake. Nasi makarani twajua jinsi fomu iliyokwisha kupelekwa ilivyo ngumu kuirudisha.

Liko lililo zito zaidi. Waraka wa Elimu Na. 2 wa mwaka 2021 uliwapa ruhusa ya kurudi shuleni wanafunzi walioacha masomo, pamoja na wasichana waliopata mimba. Ni neno jema. Walakini waraka haupandi mlima kwenda kumtafuta msichana aliyejificha jikoni kwa mama yake, umwambie kwamba nafasi yake ingalipo. Wala haumkingi na vicheko siku ya kwanza aketipo tena darasani. Kazi hiyo yataka mtu, na mtu mwenyewe awe ni yule ambaye msichana haogopi kumfungulia mlango.

Agizo la Wizara juu ya ushauri na unasihi mashuleni si geni, maana lilitolewa kwa waraka tangu mwaka 2002. Na mradi wa SEQUIP, ambao Benki ya Dunia iliuidhinisha mwaka 2020 kwa mkopo wa dola milioni 500, umeweka mafunzo ya walimu wanasihi wa sekondari miongoni mwa kazi zake. Basi tatizo li wapi? Aghalabu mwalimu ateuliwaye hubaki na vipindi vyake vyote kama kwanza, na mara nyingine ndiye huyo huyo mwalimu wa nidhamu. Asubuhi ameshika kiboko, alasiri aambiwa asikilize siri. Ni nani atakayemwendea?

Sibishani hapa juu ya kiboko chenyewe, ijapokuwa ninayo maoni yangu. Kanuni za mwaka 2002 zasema visizidi vinne, na apigaye awe mkuu wa shule au mwalimu aliyepewa idhini yake kwa maandishi. Nasema tu kwamba idhini hiyo asipewe mnasihi kamwe.

Tena wazazi wengine huchukizwa wasikiapo kwamba mnasihi hatawaambia yote aliyoambiwa na mtoto. Siri hiyo ina mpaka. Mtoto akiwa katika hatari, au akitendewa maovu, Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 yamlazimu kila ajuaye kutoa habari kwa wenye mamlaka, na mnasihi si nje ya sheria. Yasiyofika hapo ayaache kifuani mwake. Hata wazee wetu wa Upare walikuwa na mshitu, msitu uliotengwa kwa kuwafunda vijana. Hawakuyasema mambo hayo barazani mbele ya wapita njia.

Kijana apendaye kazi hii, au karani mwenzangu aliyechoka na mafaili, ajue njia yake. Chuo Kikuu cha Dodoma hufundisha shahada ya elimu katika ushauri na unasihi, na cha Dar es Salaam shahada ya elimu katika saikolojia. Kwa atokaye kidato cha sita, yampasa kwa uchache awe na ufaulu wa kiwango kikuu katika masomo mawili. Aliye kazini tayari aombe ruhusa ya masomo kwa mwajiri wake mapema, wala asiondoke kabla barua haijajibiwa. Lakini asiyeweza kunyamaza robo saa mtu mwingine akisema, namshauri abaki na mafaili.

Kwa hiyo naomba jambo hili liandikwe katika shughuli za mkutano wetu ujao: wanachama walio katika bodi za shule wadai kila shule iwe na wanasihi wawili, mwanamume na mwanamke, wapunguziwe vipindi, nao wapewe chumba. Chumba si lazima kiwe kipya. Stoo ya vitabu yatosha, ikiwa ina viti viwili na mlango unaofungwa, na isiwe karibu na ofisi ya mwalimu wa nidhamu.

Ni mimi mwanachama wenu,
Karani, Bombo