Ndege Iitwayo Chawa wa Mbingu



Ndege inapopita juu ya kijiji, kazi zote husimama kidogo. Mwenye jembe huliegemea, mama anayetwanga huuacha mchi kinuni, na watoto wa shule hukimbilia dirishani hata mwalimu akiwakemea. Naye mwalimu, tukisema kweli, haachi kuchungulia. Tamaa ya kuruka imo moyoni mwa kila mwanadamu. Kwa walio wengi hutoweka pamoja na mngurumo wa ndege yenyewe, lakini wako wengine ambao haiwatoki kamwe. Watu hao hawatamani ndege kubwa ichukuayo abiria mamia. Watamani ndege ndogo, ya mtu mmoja au wawili, ambayo wangeweza kuiongoza wenyewe asubuhi, hewa ikiwa imetulia.

Leo twataka kuwasimulia habari za ndege moja ya namna hiyo, iliyotamaniwa na watu wengi sana huko Ulaya, pamoja na habari za mtu aliyeibuni. Tumeichagua kwa sababu yatuhusu sisi walimu, na ninyi wazazi pia, kuliko inavyoonekana mwanzoni.

Mtu huyo aliitwa Henri Mignet, Mfaransa, aliyezaliwa mwaka 1893. Kazi aliyoijua ilikuwa ya radio, wala hakuwa na cheti cha ufundi wa ndege. Hata hivyo alipenda kuruka kuliko kitu chochote. Shida yake ilikuwa hii: ndege za siku zile zilimshinda kuongoza. Katika ndege ya kawaida, mikono na miguu ya rubani lazima ipatane. Mkono washika fimbo ya kuongozea, miguu yakanyaga vikanyagio viwili, na vyote vyatenda kazi kwa pamoja. Mignet hakulizoea jambo hilo. Mtu mwingine angalikata tamaa. Yeye aliona kwamba, ikiwa hawezi kuongoza ndege zilizopo, imempasa kuunda ndege atakayoweza kuiongoza.

Akaunda ya kwanza, kisha ya pili, kisha ya tatu, akizipa namba moja baada ya nyingine. Nyingi hazikufaa kitu. Mwishowe, mwaka 1933, huko Ufaransa karibu na mji wa Soissons, ile ya 14 ikaruka vema. Akaiita Pou-du-Ciel, maana yake Chawa wa Mbingu. Jina hilo halikuwa la kuidharau, bali lilionyesha kwamba ni kitu kidogo sana, nacho ni cha watu wote.

Kweli ilikuwa ndogo. Urefu wake ulikuwa kama metri 3 na nusu, na upana wa mabawa metri 6 hivi. Iliundwa kwa mbao, gundi na kitambaa, na mota yake ilikuwa ndogo kama ya pikipiki. Vikanyagio havikuwapo. Fimbo moja tu ilitosha: rubani akiivuta, bawa la mbele liliinua ukingo wake na ndege ikapanda, akiisukuma upande, usukani wa mkiani uligeuka na ndege ikafuata.

Ajabu kubwa ilikuwa katika mabawa. Yalikuwa mawili, moja mbele na juu, la pili nyuma na chini kidogo, yamekaribiana kama vigae viwili vya paa. Mignet alikuwa na sababu njema. Ndege ndogo ya kawaida, ikiinua pua mno na mwendo ukapungua, yaweza kupoteza nguvu ya kuelea na kuanguka huku ikizunguka. Ajali hiyo iliwaua marubani wengi. Upepo uliopita katika nafasi ile nyembamba kati ya mabawa mawili uliizuia ndege yake isianguke hivyo. Basi Mignet akaamini ya kuwa amepata ndege isiyo na hatari.

Hapo akafanya jambo ambalo kila mwalimu angefanya: akaandika kitabu. Kilitoka mwaka 1934, kwa jina Le Sport de l'Air. Ndani yake alieleza yote, jinsi ya kuchagua mbao, kupaka gundi, kufunga mota, hata jinsi ya kujifunza kuruka bila mwalimu. Aliwahakikishia wasomaji kwamba kazi hiyo haimshindi mtu ye yote mwenye ustadi mdogo wa useremala.

Hebu fikirini furaha ya wale waliokisoma. Ndege ilikuwa mali ya matajiri na ya jeshi. Sasa mtu wa mshahara mdogo aliambiwa kwamba naye aweza kuwa na yake. Watu wakaanza kukata mbao katika vibanda na magaraji yao. Tarehe 13 Agosti 1935 Mignet mwenyewe aliirusha ndege yake juu ya bahari, kutoka Ufaransa hata Uingereza. Waingereza nao wakashikwa na shauku ile ile.

Kisha vifo vikaja. Mwaka 1936 hasa, huko Uingereza na Ufaransa, watu walikufa katika ndege hizo, nao walikufa kwa namna moja. Ndege iliinamisha pua. Rubani aliivuta fimbo ili kuiinua, kama kitabu kilivyomfundisha. Lakini ndege haikuinuka. Alipozidi kuivuta, ndege nayo ilizidi kuinama, hata ikapiga ardhi.

Ajali kama hizo zinapotokea, ni rahisi kumlaumu aliyekufa. Labda gundi yake ilikuwa mbaya. Labda hakujifunza sawasawa. Labda alithubutu mambo yaliyompita uwezo. Marehemu hawezi kujitetea. Lakini baadhi ya waliokufa walikuwa marubani wazoefu wa jeshi, na kwa hao maneno ya namna hiyo hayakutosha.

Basi wataalamu wakafanya kazi iliyopaswa kufanywa mapema. Huko Farnborough katika Uingereza, na huko Chalais-Meudon katika Ufaransa, ilikuwako nyumba iliyojengwa kama bomba kubwa sana, ambamo mashini zilivumisha upepo kwa nguvu ya kupimika. Wakaiweka ndege nzima ndani, wakaifunga imara, wakaiinamisha na kuiinua, huku wakipima nguvu za upepo juu ya kila bawa. Kosa likaonekana wazi.

Rubani alipoivuta fimbo, bawa la mbele lilipinda, na ukingo wake wa nyuma ukashuka karibu zaidi na bawa la pili. Nafasi kati yao ikawa nyembamba mno. Upepo ukapita hapo kwa kasi zaidi, ukaliinua bawa la nyuma kwa nguvu. Bawa la nyuma likipanda, pua yashuka. Kwa hiyo ndege ikiisha kuinama kupita kiasi, tendo lile lile la kuiponya ndilo lililoizamisha. Na tazameni: nafasi ile nyembamba, iliyowekwa ili kuondoa hatari moja, ndiyo iliyozaa hatari ya pili.

Twawaomba mwangalie neno hili vizuri. Wako waliokufa bila ya kukosa lo lote. Walikata mbao kwa kipimo kilichoandikwa, wakaunganisha kama ilivyochorwa, wakavuta fimbo kama walivyoelekezwa. Kosa halikuwa mikononi mwao. Lilikuwa katika mchoro wa mwalimu, na kadiri mwanafunzi alivyozidi kutii, ndivyo alivyozidi kulikaribia.

Je, Mignet alikuwa mdanganyifu? Hapana. Mdanganyifu hauzi kitu anachokipanda yeye mwenyewe juu ya bahari. Aliamini kwa moyo wote, na uhai wake aliutia hatarini kabla ya uhai wa wengine. Lakini aliruka mara nyingi akarudi salama, na kurudi kwake salama alikuhesabu kuwa ushahidi. Hapo ndipo kosa lake lilipo. Kitu kilichonifaa mimi hakijapimwa bado, kimenifaa tu. Fundi akikosa, kitu kimoja chaharibika. Mwalimu akikosa, kosa lake laenda katika nyumba asizozijua, kwa watu ambao hatawaona kamwe.

Mwaka 1936 huo huo serikali ya Uingereza iliacha kutoa ruhusa mpya kwa ndege hizo. Wengi walidhani kwamba habari imekwisha. Haikwisha. Baada ya vipimo, umbo na mpango wa mabawa vilirekebishwa ili nafasi ile isiwe mtego tena. Mignet aliendelea kubuni ndege nyingine za ukoo huo hata alipofariki mwaka 1965. Hata leo wako watu huko Ufaransa wanaoziunda na kuzirusha, na chama cha mafundi hao wa nyumbani chaitwa Réseau du Sport de l'Air, jina linalokikumbusha kitabu kile. Lakini utaratibu umebadilika. Huko Uingereza, kwa mfano, mtu aundaye ndege nyumbani kwake kwa kawaida huonyesha kazi yake kwa mkaguzi hatua kwa hatua, wala haruki kabla ya kupata ruhusa. Ndoto haikukatazwa, imetiwa macho mengine zaidi ya yale ya mwenye kuota.

Sisi wengine hatuundi ndege. Lakini kila siku twawapa wengine maagizo, nao wayafuata kwa kutuamini. Mwalimu aandika ubaoni. Baba amwonyesha mwanawe jinsi ya kujenga ukuta. Mama amshauri jirani juu ya dawa ya mtoto mwenye homa, akisema, “Mwanangu aliinywa, akapona.” Kabla ya kusema, yatupasa tujiulize: jambo hili limepimwa, au limetufaa sisi tu? Na tukijua kwamba halijapimwa, tusione haya kumpeleka mtu kwa mwenye kipimo.

Wala tusifanye kosa la upande wa pili, la kuizima tamaa kwa sababu ya woga. Mtoto wako akiunda ndege kwa mabua na karatasi, usiivunje ukimwambia kwamba ni mchezo wa ujinga. Keti naye kitako. Mwache aeleze mabawa yake, mkia wake na usukani wake, mpaka amalize yote. Kisha umwulize swali ambalo halikuulizwa mapema kule Ulaya: “Na pua ikiinama, mwanangu, itainuka kwa nini?” Asipojua jibu, msilibuni. Nendeni nje pamoja, mkairushe, mkatazame.