Hata Programu za Usiku Ziwekewe Mipaka

Saa nane usiku wewe umelala, lakini seva zetu ziko kazini. Kuna programu zinazojiamsha kwa saa iliyopangwa: moja inajumlisha miamala ya siku, nyingine inaandaa stetimenti, nyingine inafuta faili za zamani. Saa hiyo hakuna mtu anayeziangalia. Ndiyo maana tunapinga mtindo wa kuzipa funguo zote, eti kwa sababu ni zetu na tunaziamini.

Fikiria kijana anayefagia duka la wakala. Utampa ufunguo wa mlango, lakini wa droo ya pesa hapana, hata akiwa mpwa wako. Kwenye seva za Linux kazi hiyo inaweza kufanywa na SELinux, mfumo ambao shirika la ujasusi la Marekani, NSA, liliutoa kwa umma mwaka 2000. Kila programu na kila faili hupewa lebo, kisha sheria husema ipi iguse ipi. Kisichoruhusiwa kimekatazwa. Programu ya stetimenti isome miamala, iandike stetimenti, basi. Ikinyoosha mkono kwenye namba za siri inazuiwa, hata kama imeanzishwa na akaunti yenye mamlaka yote. Mwizi akiiteka bado ataona miamala, hatukatai, lakini hafiki kwenye droo. (Simu yako ya Android, tangu toleo la 5.0 la mwaka 2014, inalindwa na SELinux hiyo hiyo.)

Shida ni kwamba sheria hizi zinasumbua. Kuna asubuhi stetimenti zilichelewa kwa sababu tulihamisha folda tukasahau kuongeza sheria yake. Mweka hazina wa chama kimoja alitupigia akiwa mkutanoni, wanachama wakimtazama kama amekula pesa. Alikuwa na haki ya kukasirika.

Njia ya mkato ilikuwepo: kuiambia SELinux iandike makosa tu, isizuie kitu. Ni amri ya sekunde moja, ila kukumbuka kuirudisha ndio kazi. Sisi wa masoko, tukubali, ndio tulikuwa tunasukuma ifanyike. Wahandisi wakakataa. Walisoma kumbukumbu za seva, wakaongeza sheria moja iliyokosekana, na kufikia saa nne stetimenti zikatoka.

Walikuwa sahihi. Kosa letu lilikuwa kunyamaza. Siku nyingine stetimenti ikikwama, utapata SMS yetu kabla hujatoka kwenda chama.