Aliyelewa na Aliyekutwa na Kilevi

Igogo, mjini Mwanza, ni mahali pa viwanda vya minofu ya sangara. Humo mtu hushinda na kisu kikali mkononi. Hapana mwenye akili timamu atakayepinga mlevi kuzuiwa langoni. Tunalolipinga ni matumizi ovyo ya maneno, ambayo humpotezea mtu kazi yake.

Walimu wa Kiswahili watanielewa: "amelewa" si sawa na "amekutwa na kilevi mwilini". Pumzi huonyesha pombe iliyomo katika damu wakati ule ule. Mkojo huonyesha mabaki ya bangi iliyovutwa siku nyingi, pengine majuma, yaliyopita. Msimamizi anayeandika "alikuwa amelewa" kwa kutegemea mkojo ameandika uongo, hata kama hakukusudia.

Tena kipimo cha awali hushuku tu. Baadhi ya dawa za mafua zaweza kukidanganya. Hakuna budi kifuatwe na kipimo cha uthibitisho. Sampuli ifungwe kwa lakiri mbele ya mwenyewe, atie sahihi, ndipo ipelekwe maabara. Na aliyetoka kusukutua kinywa kwa dawa yenye spiriti angojeshwe dakika 15 kabla ya kupuliza.

Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 ilimwekea dereva kiwango dhahiri: miligramu 80 za pombe katika mililita 100 za damu. Kiwanda nacho kitaje chake kwa Kiswahili na kukibandika ukutani kabla ya kumpima yeyote. Meneja naye apulize.