Rasimu tunaifuta, muamala hatuufuti

Kuna maneno mawili yaliyotukosesha usingizi wiki nzima: "zimerudishwa" na "limepokelewa".

Ukituma pesa kwa nambari isiyo sahihi kisha ukaomba kurudishiwa, unapata meseji. Wengi hudhani meseji hiyo imeandikwa na mashine. La. Tunaiandika sisi, watu wa elimu kwa wateja, halafu madevelopa tunaokaa nao ghorofa moja wanaiingiza ndani ya msimbo wa programu. Rasimu ya kwanza ilisema, "Pesa zako zimerudishwa." Tukaikataa, kwa sababu si kweli. Wakati huo kilichofika kwetu ni ombi tu, na aliyepata pesa zako huenda keshazitoa kwa wakala. Tukaandika upya: "Ombi lako limepokelewa. Tutakujulisha."

Inaonekana ni jambo dogo, lakini mtu akisoma "zimerudishwa" anatulia. Anaacha kufuatilia. Anamwambia mwalimu karo inakuja leo, kisha jioni anaangalia salio na kukuta ni lilelile.

Basi Alhamisi meseji ikafika kwenye simu za majaribio, na ilisema nini? "Zimerudishwa." Marekebisho yetu yalikuwa yametoweka, na hakuna aliyeyafuta kwa kusudi. Dada mmoja wa huduma kwa wateja ndiye aliyeshtuka, maana angekuwa yeye wa kupokea simu za wateja wenye hasira. Tulikuwa siku chache tu kabla ya kuiachilia kwa kila mtu.

Sisi hatukusomea kompyuta, tulisomea masoko. Ilibidi tukalishwe chini tuelezwe. Tulichojifunza kimetupa msimamo, na tunadhani unakuhusu wewe unayetumia huduma hii.

Msimbo wetu unatunzwa kwenye mfumo wa kudhibiti matoleo unaoitwa Git, ulioanzishwa na Linus Torvalds mwaka 2005. Fikiria daftari la chama ambalo kila mwanachama ana nakala yake kamili nyumbani. Kila badiliko linaandikwa pamoja na jina la aliyelifanya, saa, sababu, na ni badiliko gani lililotangulia. Kila badiliko pia lina nambari yake, na nambari hiyo inatokana na yaliyomo ndani pamoja na nambari ya lile lililotangulia. Ukigusa ukurasa wa tatu, nambari yake inabadilika, na ya nne na ya tano pia. Kwa hiyo ukweli ni kwamba huhariri ukurasa wa zamani. Unaandika kurasa mpya na kuziweka mahali pa zile za mwanzo.

Madevelopa hufanya hivyo kila siku, na wana haki. Kazi ambayo haijaisha huwa chafu. Kuna badiliko linaloitwa "jaribio", lingine "jaribio tena", lingine "sasa imekubali". Kabla ya kuwaonyesha wenzao wanazipanga upya ili anayekagua aelewe. Kijana aliyekuwa na rasimu yetu alifanya hivyo hasa kwenye laptopu yake, bila kujua kwamba asubuhi ile sisi tulikuwa tumeongeza sahihisho letu kwenye nakala ya pamoja. Alipojaribu kuipeleka kazi yake, mfumo ukamkatalia. Akaulazimisha ukubali, na ukurasa wetu ukafunikwa na zake.

Kwa nini alilazimisha baada ya kukataliwa? Kwa sababu ukishapanga upya kurasa ulizokwisha kupeleka, Git hukukatalia kila mara, hata kama hakuna mwenzako aliyegusa chochote. Ni kama kengele ya geti inayolia mwizi akija na pia mwenye nyumba akija. Baada ya wiki mbili, nani bado anatoka nje kuangalia? Kijana wa watu alilaumiwa sana kwenye kikao, na kwa maoni yetu alionewa.

Baada ya hapo zikazuka kambi mbili pale ofisini. Ya kwanza ikasema historia isiguswe kamwe, hata ya rasimu. Msimamo huo una watu wazito nyuma yake. D. Richard Hipp, aliyetengeneza SQLite, hifadhidata iliyo ndani ya karibu kila simu mahiri, ana mfumo wake wa matoleo uitwao Fossil ambao kwa makusudi hauna njia ya kupanga upya historia. Hoja yake tunaiheshimu. Lakini ukimwambia mtu kwamba kila kosa la rasimu litabaki na jina lake milele, ataificha rasimu mpaka ing'ae. Sisi waandishi wa meseji tungeiona siku ya mwisho, wakati hakuna tena nafasi ya kusema "jamani, neno hili litawapotosha watu".

Kambi ya pili ikasema kila mtu akae na kazi yake peke yake hadi iishe. Yaani dawa ya kugombana ni kutoonana. Tulikataa kabisa. Kosa la "zimerudishwa" tuliligundua mara ya kwanza kwa sababu tulionyeshwa kitu kibichi.

Sisi tunasema hivi: rasimu ionyeshwe mapema, iruhusiwe kuhaririwa na zaidi ya mtu mmoja, lakini kila ukurasa unaobadilishwa uache alama inayosema "mimi nimechukuliwa nafasi na yule pale", na alama hiyo isafiri hadi kwa wenzako wote. Hii si ndoto. Mercurial, mfumo mwingine uliozaliwa mwaka huohuo wa 2005 (amri zake huanza na hg, alama ya zebaki uliyoisoma kwenye kemia), una kiendelezi kiitwacho Evolve kinachofanya hasa hayo. Ukihariri badiliko, la zamani halifutwi bali linawekewa alama kwamba limepitwa na badiliko fulani. Kama mimi nilikuwa nimejenga kazi yangu juu ya lile la zamani, mfumo unaniambia kazi yangu sasa ni yatima, na kwa amri moja unaihamishia juu ya lile jipya. Tukilihariri wawili kwa wakati mmoja, unatuambia tumeachana njia, tukae tuelewane. Sahihisho letu la "limepokelewa" lingepata nafasi ya kupiga kelele.

Kilichotuvutia zaidi ni kwamba Mercurial inagawa mabadiliko katika hali tatu: ya siri, ya rasimu, na ya hadharani. La siri halitoki kwenye kompyuta yako. La rasimu unaweza kulishirikisha na kulihariri. Likishakuwa la hadharani, ukijaribu kulihariri mfumo unakataa. Unataka kulirekebisha? Ongeza jipya.

Hapo ndipo tuliposema, ala, si hii ndiyo pesa ya simu! Ukiwa unaandika nambari na kiasi, uko kwenye rasimu. Futa sifuri, badilisha jina, ghairi. Ukishaweka PIN na kuthibitisha, muamala ni wa hadharani. Hata ukirudishiwa pesa, hatufuti ule wa kwanza. Kwenye taarifa yako utaona mistari miwili, pesa zilizotoka na pesa zilizorudi. Wateja wengine hutuuliza mbona tusiutoe tu ule wa kwanza kabisa, maana unawaaibisha. Hatuwezi, wala tusingetaka kuwa na uwezo huo. Siku tukiweza kufuta mstari unaokuaibisha, tutaweza pia kufuta unaokutetea.

Ofisini bado tunatumia Git, maana ndiyo inayojulikana na kila tunayemwajiri. Tulichobadilisha ni kwamba sasa tunatumia njia ya kulazimisha kwa tahadhari, ile inayokataa ikiwa kwenye nakala ya pamoja kuna kitu ambacho hujakiona. Anayepanga upya rasimu yenye mkono wa mwingine anatangaza kwanza kwenye grupu. Ni sheria za watu, na watu husahau, hasa Ijumaa jioni. Kijana mmoja anatusumbua kila siku na Jujutsu, chombo kipya kilichoazima mawazo ya Mercurial na kinachoweza kufanya kazi juu ya Git. Tumemwambia atuonyeshe kwanza.

Kwa upande wako, ukipata meseji inayosema ombi limepokelewa, jua pesa bado hazijarudi. Angalia salio kabla ya kuahidi mtu. Na akikupigia mtu akisema anataka PIN yako ili "akufutie" muamala, kata simu, kwa sababu hakuna anayeweza kuufuta, hata sisi.

Sahihisho letu tulilipata salama kwenye laptopu yetu, na meseji ilitoka Jumanne iliyofuata. Tayari tumeona nukta imekosekana baada ya "limepokelewa". Imekwisha fika kwa wateja, kwa hiyo ile hatuigusi. Tumeandika badiliko jipya, na liko kwenye rasimu.