Mama hatanii

Waingereza wakiona mtu amekaza uso, husema "means business". Mtoto akitafsiri neno kwa neno atadhani mama kafungua duka, kumbe maana yake ni kwamba hatanii. Alichosema ndicho atakachofanya.

Watoto humpima mzazi kwa jambo hili mapema sana. Mama anasema, "Zima televisheni, ukaoge." Kimya. Anarudia kwa ukali. Anaanza kuhesabu: moja, mbili, mbili na nusu... Hiyo nusu ndiyo inayoharibu. Mtoto ameshajua kwamba neno la kwanza ni kama salamu tu, amri yenyewe huja mara ya nne.

Kwa televisheni hasara ni ndogo. Kando ya barabara, bodaboda ikija kwa kasi, hakuna mara ya nne.

Si lazima kufoka, wala fimbo. Msogelee, usiseme ukiwa jikoni. Sema mara moja, kisha nenda ukaizime mwenyewe. Na vitisho visivyotekelezeka acha. "Leo hulali humu ndani!" Hata wa miaka 5 anajua atalala humo humo, na wa kumfunika shuka ni wewe.